Mashauri ya Nyumbani: Dawa Iponyayo na Maradhi Yaletwayo Nayo



Mwezi uliopita tulinena habari za maji ya kunywa na usafi wa mitungi. Mwezi huu tumekusudia kunena jambo ambalo si jepesi, lakini yafaa lijulikane katika kila nyumba yenye mtu anywaye dawa kwa miezi mingi. Tena yafaa lijulikane kwa waalimu, maana wao ndio waendewao na wazazi wenye karatasi ya hospitali mkononi, ili wasomewe yaliyoandikwa. Jambo lenyewe ni hili: ziko dawa njema, zilizowaponya watu wengi sana, ambazo kwa watu wachache huamsha maradhi mengine mwilini. Maradhi hayo huitwa lupasi iletwayo na dawa.

Twajua ya kuwa habari hii yaweza kumtisha msomaji. Mmoja atasema, "Kumbe dawa ni sumu! Heri nizitupe." Mwingine atasema, "Mambo ya dawa ni ya daktari; mimi nitameza na kunyamaza, hata nikiumwa." Wote wawili wamo hatarini. Wa kwanza ataurudisha ugonjwa wake wa awali, na wa pili ataendelea kuumia bure pasipo mtu kujua. Nasi twaandika ili kuonyesha njia ya tatu, iliyo salama kuliko hizo mbili.

LUPASI NI NINI?

Neno lupasi latoka katika Kilatini, na maana yake ni mbwa-mwitu. Matabibu wa zamani wa Ulaya waliona vidonda vya uso vilivyoila ngozi, wakavifananisha na kuumwa na mnyama huyo. Katika mwaka 1851 tabibu Mfaransa aitwaye Cazenave aliongeza katika jina hilo neno lenye maana ya wekundu, na jina hilo latumika hata leo. Baadaye ilijulikana ya kuwa ugonjwa huu hauishii katika ngozi, bali waweza kuingia katika viungo, mapafu, moyo, figo, na damu yenyewe.

Mambo yake huenda hivi. Ndani ya mwili wa kila mtu wamo walinzi, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu viingiavyo kutoka nje. Silaha yao mojawapo huitwa kingamwili. Katika lupasi walinzi hao hushindwa kupambanua adui na mwenyeji, wakaugeukia mwili wenyewe, kama mbwa wa boma aliyesahau harufu ya watu wa nyumbani, akawauma watoto na kumwacha mwizi. Kwa hiyo ugonjwa huu hauambukizi. Mtu hawezi kuupata kwa kula chungu kimoja na mgonjwa, wala kwa kulala naye chumba kimoja, wala kwa kumvika nguo na kumwosha.

Lupasi ya kawaida huja yenyewe. Katika wagonjwa wake 10, kama 9 ni wanawake, na wengi wao wako katika umri wa kuzaa. Hiyo yaweza kudhuru figo na ubongo, na tiba yake ni ya miaka mingi. Dawa yake moja kubwa ni hidroksiklorokwini, ambayo ni ndugu ya klorokwini ile chungu tuliyomezeshwa utotoni kwa ajili ya malaria.

Lakini lupasi iletwayo na dawa ni namna nyingine. Hiyo huwapata wanaume na wanawake karibu sawasawa, na zaidi watu wazima na wazee, kwa kuwa hao ndio wanywao dawa za kudumu. Figo na ubongo haviguswi nayo ila mara chache. Na jambo lililo kubwa kuliko yote ni kwamba dawa iliyoileta ikisha kuondolewa kwa shauri la daktari, ugonjwa nao huondoka.

JINSI ULIVYOTAMBULIKANA

Katika mwaka 1945 iliandikwa habari ya mgonjwa aliyetibiwa kwa sulfadiazini, dawa ya kuua vijidudu, naye akaingia katika hali iliyofanana sana na lupasi. Wakati huo wengi hawakulitilia maanani. Kisha, baada ya mwaka 1950, ikaanza kutumiwa dawa ya kushusha shinikizo la damu iitwayo hidralazini. Katika miaka 1953 na 1954 matabibu wa Marekani waliandika ya kuwa wagonjwa waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu wameshikwa na maumivu ya viungo na homa, na kwamba hali hiyo ilitulia dawa ilipoachwa. Hapo ndipo watu walipoanza kufahamu vema. Katika mwaka 1962 ikajulikana vivyo hivyo kwa prokainamidi, dawa ya moyo upigao pasipo mpango. Siku hizi dawa zilizotajwa katika habari hii zimepita 100.

Tena ilijulikana ya kuwa kipimo cha dawa ni jambo kubwa. Katika mwaka 1984 matabibu wa Uingereza walitoa hesabu ya wagonjwa 281 waliopewa hidralazini, wakatazamwa kwa muda wa miaka 3. Waliopewa miligramu 50 kwa siku, hata mmoja hakupatwa na lupasi. Waliopewa miligramu 100, walipatwa kama 5 katika kila 100. Waliopewa miligramu 200, walipatwa kama 10 katika kila 100; na katika wanawake waliopewa kipimo hicho kikubwa, walipatwa kama 19 katika kila 100. Msomaji aone hapo sababu ya daktari kupima dawa kwa uangalifu, na sababu ya kumkataza mtu kujiongezea vidonge kwa kuwa kichwa kimemwuma leo kuliko jana.

DAWA ZENYEWE

Hatutazitaja zote, maana hatutaki kumfanya mtu aogope sanduku la dawa. Zilizo mashuhuri kuliko zote kwa jambo hili ni hizo mbili, prokainamidi na hidralazini. Zinazofuata ni kinidini ya moyo. Isoniazidi ya kifua kikuu. Minosaiklini, ambayo vijana hupewa kwa chunusi za uso. Na klorupromazini ya wagonjwa wa akili. Baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini na fenitoini, nazo zimetajwa, lakini kwa watu wachache sana. Kadhalika ziko sindano mpya za baridi yabisi, zizuiazo nguvu ya uvimbe mwilini, nazo zimeonekana kuleta hali hii kwa baadhi ya watu.

Iko namna nyingine ambayo huonekana katika ngozi tu. Hutokea mahali pапigwapo na jua, kama shingo, kifua cha juu na mikono, ikawa mabaka ya mviringo au yenye magamba. Hiyo imeonekana kwa watu watumiao hidrokloruthiazidi, ambayo ni dawa ya shinikizo la damu ya kukojoza maji. Na tabinafini, dawa ya fangasi. Na dawa za kupunguza asidi ya tumbo zilizo za jamii ya omeprazoli. Vitabu vya Ulaya husema habari ya wekundu. Lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo haudhihiriki vema. Mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi, au rangi ya zambarau. Mtu asingoje kuona wekundu.

HABARI YA KIFUA KIKUU

Katika dawa hizi zote, isoniazidi ndiyo iliyo karibu nasi kuliko nyingine. Kwenye kadi za hospitali huandikwa INH, au herufi H peke yake. Ilianza kutumiwa kwa kifua kikuu katika mwaka 1952, na tangu hapo imeokoa watu wasiohesabika. Nchi zetu zina sehemu njema katika habari hiyo: katika mwaka 1972 yalitolewa matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika Afrika ya Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yakaonyesha ya kuwa kifua kikuu chaweza kuponywa kwa miezi 6, badala ya mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Siku hizi mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida hunywa dawa 4 kwa miezi 2 ya kwanza, yaani isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha kwa miezi 4 huendelea na 2 tu, isoniazidi na rifampisini. Tena watu wengi wenye virusi vya UKIMWI hupewa isoniazidi kwa miezi 6 ili kifua kikuu kisiwapate. Basi katika mitaa yetu hapakosekani nyumba yenye vidonge hivi.

Je, isoniazidi huleta lupasi kwa wangapi? Kwa wachache sana, hata mmoja katika 100 hawafiki. Lakini hapa pana jambo la kufahamu. Wengi waitumiao, karibu 1 katika kila 5, damu yao ikipimwa huonekana na kingamwili za namna ya lupasi, nao ni wazima, hawaumwi kitu. Kipimo hicho peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni kipimo pamoja na dalili, na anayeweza kuyaunganisha hayo mawili ni daktari.

KWA NINI MMOJA APATWE NA MWINGINE ASIPATWE?

Hapa ndipo maneno ya mtaani huanza. Wawili wameanza dawa siku moja. Mmoja amenenepa na kurudi shambani, mwingine analala akiugua viungo. Watu husema amerogwa, au husema hakuomba kwa imani. Sisi twasema hapana. Sababu mojawapo iko katika ini.

Dawa ikiingia tumboni huenda katika ini, nalo ini huivunja-vunja ili itoke mwilini. Katika mwaka 1960 ilithibitishwa ya kuwa kuna watu ambao ini lao huivunja isoniazidi upesi, na wengine ambao huivunja polepole, na kwamba hali hiyo mtu huirithi kwa wazazi wake kama arithivyo urefu au sura. Katika watu wa Ulaya na Afrika, karibu nusu ni wa polepole; katika Wajapani ni wachache, kama 1 katika 10. Hidralazini na prokainamidi nazo huvunjwa kwa njia hiyo hiyo. Kwa mtu wa polepole, dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kwa hidralazini na prokainamidi hao ndio wapatwao zaidi na lupasi. Hakuna kosa la mgonjwa hapo, wala mkono wa jirani.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza, nayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, ni maumivu ya viungo: vidole, viwiko, mabega, magoti, na mara nyingi pande zote mbili za mwili, tena hukakamaa asubuhi. Nyama za mwili nazo huuma. Huja homa isiyoonekana malaria kwa kipimo, na uchovu, na kupungua uzito. Wengine huchomwa kifuani wavutapo pumzi ndefu, kwa kuwa utando wa mapafu au wa moyo umevimba. Upele wa uso wenye umbo la kipepeo, ambao ni mashuhuri katika lupasi ya kawaida, katika hii huonekana mara chache.

Dalili hizi haziji siku ya pili ya kumeza. Kwa kawaida huja baada ya miezi mingi, na pengine baada ya miaka. Hii ndiyo sababu ya watu kutoidhania dawa. Husema, "Nimekunywa muda wote huu haijanidhuru, itanidhuruje leo?"

Lakini si kila maumivu ni lupasi, nasi hatutaki kila mwenye goti lililochoka ajitangazie ugonjwa. Pirazinamidi, katika ile miezi 2 ya kwanza, mara nyingi huumiza viungo kwa sababu nyingine, kwa kuzidisha asidi fulani katika damu. Isoniazidi yenyewe yaweza kuleta ganzi na kuwaka moto nyayoni, na jambo hilo hukingwa kwa vidonge vya vitamini B6. Tena mgonjwa akitokwa na malengelenge, au ngozi ikibambuka, au midomo na macho kuchubuka katika majuma ya kwanza ya dawa yo yote, hilo si jambo la kungoja wala la kuandika tarehe. Apelekwe hospitali saa ile ile.

MFANO

Tuseme yuko baba mmoja mkulima, katika mwezi wake wa 5 wa dawa za kifua kikuu. Kikohozi kimekwisha na uzito umerudi. Lakini majuma 3 sasa vidole vyake havifumbi mpini wa jembe asubuhi, na jioni mwili una joto. Jirani amemwambia dawa kali zimeingia katika mifupa. Usiku anamwambia mkewe, "Mama Neema, dawa hizi zimenimaliza. Kikohozi hakipo tena. Kesho sizimezi."

Akiziacha kwa siri, yaweza kuwa viungo vitapoa, naye atajiona ametenda kwa akili. Lakini vijidudu vya kifua kikuu vilivyosalia vitaamka, na vikiamka pengine vitakuwa vimezizoea dawa, zisivitishe tena. Hapo tiba ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza, tena katika siku hizo huwakoholea watoto walalao naye. Kifua kikuu bado huua watu zaidi ya milioni 1 kila mwaka duniani. Maumivu ya vidole hayatoshi kuwa bei ya jambo hilo.

Akimeza na kunyamaza, naye atazidi kuumwa, na utando wa moyo au wa mapafu waweza kujaa maji, naye atadhani kifua kikuu kimerudi.

Lakini tuseme mkewe asema, "Baba Neema, usiziache kwa siri, wala tusikae kimya. Kesho tuchukue kadi yako, twende pamoja." Wakifika, mama amwambia mwuguzi, "Dada, mume wangu alianza dawa hizi miezi 5 iliyopita. Maumivu haya yana majuma 3, na kila jioni ana homa." Maneno hayo machache yamefanya kazi kubwa. Daktari aona mara moja ya kuwa pirazinamidi iliachwa tangu mwisho wa mwezi wa 2, kwa hiyo si yeye mwenye hatia. Atatazama malaria, atatazama kama kifua kikuu chenyewe kinaendelea, atatazama viungo na moyo na damu. Akiona ni lupasi ya isoniazidi, anaweza kuiondoa hiyo moja, akaweka nyingine mahali pake, na kuipanga tiba upya, ili mgonjwa asikae hata kidogo pasipo silaha juu ya kifua kikuu. Angalieni tofauti: aliyeacha kwa siri amezitupa dawa zote, daktari ameondoa moja.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, kila mtu anywaye dawa ya kudumu awe na daftari dogo. Humo yaandikwe majina ya dawa, kipimo chake, na tarehe ya kuanza. Aliye na simu ya picha apige picha pakiti na kadi. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule au mwalimu. Tarehe ndiyo imfunguliayo daktari njia, kama tulivyoona katika mfano.

Pili, daftari hilo liandikwe kila kitu: vidonge vya dukani, dawa za mitishamba, sindano, hata alichopewa na shangazi. Wako watu waonao haya kumtajia daktari dawa za miti, wakidhani watakemewa. Heri kukemewa kidogo kuliko kumfunga daktari macho.

Tatu, maumivu mapya yasemwe mapema. Wahenga wetu walinena, "Mficha maradhi, kifo humwumbua." Mwenye dawa ya miezi mingi akipata maumivu ya viungo au homa kwa majuma 2, asingoje tarehe ya kadi. Akichomwa kifuani au akikosa pumzi, aende siku ile ile.

Nne, mtu asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Tumenena ya kifua kikuu; na hali ni hiyo hiyo kwa nyingine. Mwenye kifafa akiacha dawa ghafula, degedege laweza kumshika mfululizo hata afe. Mwenye shinikizo la damu akiacha, damu hupanda kimya kimya, na kiharusi hakibishi hodi. Twasema neno hili pia kwa ajili ya wale wahimizwao kutupa vidonge baada ya kuombewa. Kuomba hakumkatazi mtu kumeza, wala kumeza hakumkatazi kuomba. Aliyepona atathibitishwa kwa vipimo na daktari wake, naye hatapoteza kitu kwa kungoja.

Tano, mtu akisha kuambiwa kwamba dawa fulani ilimletea lupasi, jina la dawa hiyo liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na watu wa nyumbani walijue, ili asipewe tena mahali pengine kwa kutojua.

MASWALI MAWILI

Huenda msomaji akauliza, "Je, mgonjwa hupona upesi baada ya dawa kuondolewa?" Wengi huanza kupata nafuu katika siku au majuma machache, na kwa walio wengi maumivu huisha katika majuma hata miezi. Kwa muda huo daktari aweza kutoa dawa ya kutuliza uvimbe. Kingamwili katika damu huchelewa zaidi, pengine mwaka na kupita. Mgonjwa akipimwa tena na zikaonekana, asikate tamaa, maana afya hupimwa kwa mwili mzima wala si kwa karatasi moja. Lakini kama dalili haziondoki kabisa, daktari atatazama kama ni lupasi ya kawaida iliyokuwa imejificha.

Mwingine aweza kuuliza, "Mke wangu alichomwa hidralazini hospitalini alipokuwa mjamzito na damu imepanda. Je, atapata lupasi?" Hofu hiyo iondolewe. Hidralazini ya dharura hutumiwa kwa saa au siku chache, ili kuokoa mama na mtoto. Lupasi ya dawa hii ni habari ya wale waimezao kwa miezi na miaka. Mama asiikatae sindano hiyo kwa sababu ya gazeti letu.

Basi, wapendwa, dawa ni kama moto jikoni. Hatuuzimi kwa sababu uliwahi kumchoma mtoto, wala hatuuachi pasipo mtu wa kuutazama. Mwenye kumeza na ameze. Mwenye kuumwa na aseme. Na mwenye kujua kusoma na amwandikie jirani yake tarehe. Tukifanya hivyo, daktari atakuwa na macho mengi katika kila nyumba, na mgonjwa hatachagua peke yake usiku kati ya maradhi mawili.

Waalimu wakipenda, na wausome ukurasa huu kwa wazazi siku ya mkutano wa shule. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena habari za kuhifadhi dawa nyumbani, mbali na jua na mbali na mikono ya watoto.